Nyumba na Pesa: Kodi ya pango mmeacha kulipa, mbona mfuko bado mtupu?

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa watu waliohamia kwenye nyumba zao hapa Mwanza: Buswelu, Nyamhongolo, Mkolani, Igombe, na wachache wa milimani mjini. Tumechagua sita. Bei za dukani na za mafundi tulizoweka kwenye hesabu ni za mfano tu, ili mpate njia ya kupiga hesabu. Bei halisi iulizeni mtaani kwenu.

Habari za kazi. Mimi na mke wangu ni walimu. Kwa miaka 7 tulipanga Nyakato kwa shilingi 150,000 kwa mwezi, tukilipa miezi 6 kwa mkupuo. Januari tulihamia kwetu Buswelu. Nyumba ina bati, milango na grili, lakini nje haina lipu, ndani hakuna dari, na maji hatujavuta. Tunanunua dumu 12 kwa siku, dumu shilingi 200. Tulidhani ile 150,000 itabaki mfukoni. Huu ni mwezi wa tano na hatuna akiba yoyote. Tunakosea wapi?
*Mwalimu, Buswelu*

Mwalimu, kodi yenu haijapotea, imehama pamoja nanyi. Anza na dumu: 12 kwa siku kwa 200 ni 2,400, na kwa siku 30 ni 72,000. Halafu daladala. Kama kila mmoja wenu anaongeza 500 kwenda na 500 kurudi juu ya nauli aliyokuwa akilipa Nyakato, kwa watu wawili na siku 24 za kazi ni 48,000. Jumla 120,000. Hakuna siku mlikaa mezani mkaamua kuitumia hiyo pesa. Imetoka kwa mia mbili mia mbili. Kodi ya pango ilitoka kwa mkupuo, ikauma, ndiyo maana mliihesabu. Dumu haliumi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si dari wala lipu, ni maji. Dumu la lita 20 kwa 200 maana yake lita 1,000, ambazo kwenye bili ya MWAUWASA, mamlaka yetu ya maji, ni uniti moja, mnazinunua kwa 10,000. Bei ya uniti ya bombani haifiki hata nusu ya hapo. Kwa lita 240 kwa siku, matumizi yenu ni uniti 7 na kidogo kwa mwezi. Kinachopandisha gharama ya kuvuta maji ni umbali kutoka bomba kuu, na kwa miji yetu hii ya mawe, mtaro unaokutana na mwamba. Kabla ya kujaza fomu, waoneni majirani wawili watatu ambao nao hawajavuta. Mtaro mmoja unaweza kulaza mabomba matatu, na kuchimba ndiko kunakokula pesa. Afisa akishapima atawapa makadirio. Someni urefu na kipenyo cha bomba vilivyoandikwa, kisha siku ya kazi hakikisheni fundi analaza kipenyo hichohicho. Bomba likipunguzwa katikati, nyumba ya juu ndiyo itakayokosa presha.

Mkisubiri maji, fungeni gata. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Bati la mita 100 za mraba likipata mvua ya milimita 20, na tukitoa asilimia 20 ya maji yanayorukia nje na kubaki kwenye bati, mnapata lita 1,600. Hizo ni dumu 80, yaani shilingi 16,000 za kununulia maji, kwa mvua moja ya jioni. Anzeni na upande mmoja wa paa na simtanki la lita 1,000. Maji ya dakika za mwanzo yaacheni yamwagike nje, yana vumbi na kinyesi cha ndege. Ya kunywa, chemsheni.

Jambo la pili: endeleeni kulipa ile 150,000. Fungueni akaunti au laini isiyo na kazi nyingine, na siku mshahara unapoingia itoke kwanza, kama vile baba mwenye nyumba yuko mlangoni. Miezi hii ya dumu hamtaweza yote, basi toeni 30,000 zilizobaki. Maji yakishafika bombani, ongezeni mpaka mrudi 150,000.

Katika hiyo 150,000, sehemu moja si yenu, ni ya uchakavu wa nyumba. Inapatikana hivi: chukua kila kitu kitakachohitaji kutengenezwa, kadiria gharama, gawa kwa miezi. Rangi ya nje, tuseme 700,000 kila miaka 5, ni kama 11,700 kwa mwezi. Kukaza na kubadilisha misumari ya bati, gata na ubao wa pembeni, 600,000 kila miaka 8, ni 6,250. Kunyonya shimo la maji taka, 120,000 kila miaka 2, ni 5,000. Tanki na pampu, 400,000 kwa miaka 8, ni 4,200. Koki, boya, vitasa, bawaba na takataka nyingine za aina hiyo, 10,000. Umeme, soketi na swichi, 4,000. Kodi ya ardhi, tuseme 36,000 kwa mwaka, ni 3,000. Jumla ni kama 44,000, wekeni 45,000. Ikipita miezi 8 bila kuguswa msiifurahie kama faida. Rangi inapauka wakati huohuo.

105,000 zinazobaki ndizo za kumalizia nyumba, na hapa mpangilio una thamani kuliko kiasi. Wengi huanza na jipsamu na marumaru ya sebuleni kwa sababu wageni wanakuja. Sisi tunasema anza na kile ambacho kisipofanywa, nyumba inaharibika. Cha kwanza ni maji ya mlimani: mtaro wa kuyakinga juu ya nyumba na kuyazungusha pembeni, kabla vuli ya Oktoba haijaingia. Kwenye viwanja vya miteremko maji hayazami, yanateleza juu ya mwamba na kuja moja kwa moja kwenye msingi. Cha pili ni lipu ya nje, mkianza na ukuta unaopigwa na mvua. Tofali lisilo na lipu hunywa maji, na udongo wa maungio huliwa kidogo kidogo mpaka unaweza kuukwangua kwa kucha. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, kwa mchanganyiko wa ndoo 1 ya saruji kwa 5 za mchanga, unapiga kama mita 10 za mraba kwa unene wa milimita 15. Ukuta wa mita 10 kwa 2.8 ni mifuko 3. Fanyeni ukuta mmoja mmoja, kila mmoja ukamilike. Mwagilieni maji kwa siku 7, msimwachie fundi akaondoka siku ya pili huku jua likiukausha. Ndiyo nyufa zile mnazoziona kwa majirani.

Cha tatu ni ethi, yaani waya na fimbo za kushusha umeme ardhini. Mtu haioni, kwa hiyo hairingii. Ardhi ya mwamba inapitisha umeme vibaya, na fimbo moja fupi iliyopigwa mpaka ikagonga jiwe haiwezi kazi. Mwambieni fundi umeme apime kwa kifaa, na ikibidi aunganishe fimbo mbili au tatu zilizoachana. Kanda ya Ziwa ina radi nyingi, na friji moja iliyoungua ni pesa ya miezi kadhaa ya kumalizia nyumba.

Dari na rangi ya ndani, mwisho.

Na msiweke akiba kwa kununua saruji. Kwa unyevu wetu wa ziwani, mfuko uliokaa miezi 3 umeshapoteza sehemu ya nguvu yake hata kama haujaganda. Mawe, mchanga, kokoto na tofali vinangoja. Saruji hainunuliwi mpaka fundi awe amepewa siku. Mkilazimika kuiweka, iwe juu ya mbao, mbali na ukuta.

Nikinunua LUKU ya 10,000 mwanzoni mwa mwezi napata uniti kama 24, katikati ya mwezi napata 28. Na umeme unaisha haraka kuliko nilipokuwa nimepanga. Mita mbovu? Pia nina wapangaji wawili vyumba vya uani, kila siku ugomvi wa nani kamaliza umeme.
*Mama mwenye nyumba, Nyamhongolo*

Mama, mita yako haina kosa kwenye hilo la kwanza. Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU tangu Agosti 2021. Ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Nyumba ya ghorofa ni 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu. Inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi, na ukikaa miezi 3 bila kununua, inakusubiri yote. Hesabu ya uniti ni hii: kwenye daraja la T1, la watumiaji wa kawaida, uniti ni 292, ukiongeza VAT asilimia 18, ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1 inafika kama 356. Gawa 10,000 kwa 356 unapata 28. Toa kwanza 1,500, zinabaki 8,500, unapata karibu 24. Ndizo uniti zako.

Kuna wanaoamini kwamba ukinunua kidogo kidogo unapata uniti nyingi zaidi. Kwa T1 si kweli; bei ni ileile ununue 2,000 au 50,000. Imani hiyo imetoka kwa wale wa D1, ambao uniti 75 za kwanza za mwezi wanazipata kwa 100 kabla ya makato, yaani 9,150 kwa zote 75, na zinazozidi ni 350. Daraja hilo ni la matumizi madogo, na anayezidi mara kwa mara huhamishwa.

Kuisha haraka ni suala la vifaa. Kama uliweka shawa ya umeme kwenye nyumba mpya, anza hapo. Shawa ya wati 5,500 kwa dakika 10 inakula uniti 0.92, yaani shilingi 326 kwa kuoga mara moja. Watu wanne, mara moja kwa siku, ni uniti 110 kwa mwezi, karibu 39,000. Shawa moja hiyo inazidi friji, taa na televisheni kwa pamoja katika nyumba nyingi. Kupunguza kutoka dakika 10 hadi 4 kunaokoa zaidi ya 23,000 kwa mwezi bila kununua chochote. Friji ipimeni kwa karatasi: ibaneni mlangoni, mkiivuta ikatoka bila ukinzani, mpira umechoka na mota inafanya kazi usiku kucha.

Ukitaka kujua kama umeme unavuja, saa nne usiku chomoa vifaa vyote, zima taa zote, lakini swichi kuu iache. Soma uniti. Soma tena alfajiri. Zikipungua kuna waya unaovuja au kuna mtu ameunganisha kwako, na vyote viwili si vya kusubiri.

Ugomvi wa wapangaji unaisha kwa mita ndogo. Kila chumba au kila upande ufungiwe yake na fundi mwenye leseni, msome wote pamoja tarehe 1. Aliyetumia uniti 31 analipa 31 mara 356, yaani 11,036. Ile 1,500 ya kodi ya majengo ni ya mwenye jengo, usiwagawie. Na kama nyumba yako moja ina mita mbili za LUKU na zote zinakatwa kodi, peleka namba za mita zote mbili TRA, mamlaka ya mapato, ili moja iondolewe, haijirekebishi yenyewe.

Nachukua dagaa hapa Igombe napeleka Mwaloni Kirumba. Nimejenga vyumba vitatu, nimehamia. Shida yangu pesa haina tarehe. Giza, yaani siku zisizo na mbalamwezi, ikiwa nzuri napata faida 900,000, ikiwa mbaya 300,000. Watu wa mishahara mnawaambia watenge kila mwezi, sisi je?
*Mama wa dagaa, Igombe*

Mama, wewe una tarehe, ila hazimo kwenye kalenda ya ukutani. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu, na katika siku hizo boti hukaa pwani siku 7 hadi 10 mbalamwezi inapowaka kwa sababu taa hazivuti dagaa. LUKU, ada na kodi ya ardhi zinafuata kalenda ya serikali. Pesa yako inafuata giza. Hesabu zako zipange kwa giza.

Andika faida ya giza sita zilizopita. Tuseme ni 900,000, 700,000, 300,000, 850,000, 400,000 na 650,000. Usichukue wastani wa zote. Chukua zile tatu za chini: 300,000, 400,000 na 650,000. Wastani wake ni 450,000. Huo ndio mshahara wako wa giza moja, na kwa wiki ni kama 105,000. Jilipe kila Ijumaa, giza liwe nene au mwezi uwe unawaka. Kinachozidi hukigusi mpaka sanduku la mbalamwezi lifike mishahara ya giza moja na nusu, yaani 675,000. Kwa mfano wako, giza mbili za mwanzo, ile ya 900,000 na ya 700,000, zinakuachia ziada ya 700,000, umeshavuka. Giza ya 300,000 ikija, sanduku linatoa 150,000 na nyumbani hakuna anayejua kama ziwa lilikuwa bovu. Ziada ya juu ya 675,000 ndiyo ya kujengea.

Mtaji hauingii kwenye hesabu hii kabisa. Pesa ya kununulia magunia ya giza linalofuata ikae kwenye laini nyingine, hata yenye rangi tofauti kama itasaidia. Kosa tunaloliona mialoni ni mtu kupaua kwa pesa ya magunia, kisha anakopa kwa riba ili anunue dagaa. Hapo nyumba inakuwa imejengwa kwa mkopo wa bei mbaya kuliko wa benki, na haina hata mkataba.

Masika, yaani Machi hadi Mei, liwekee hesabu yake. Dagaa wasipokauka wanauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Usipange ujenzi wowote wa kulipia kwa awamu unaoangukia miezi hiyo. Na kama uko kwenye kikoba cha marejesho ya kila wiki, ombeni kwenye kikao marejesho yawe makubwa wiki za giza na madogo wiki za mbalamwezi. Vikundi vya mialoni vinaelewa hilo kuliko mtu yeyote.

Je, kuna faida yoyote ya kutunza risiti za ujenzi wakati nyumba imeshaisha? Mume wangu anataka kuchoma boksi zima.
*Msomaji, Kiseke*

Asichome. Mkiuza siku moja, kodi ya mkazi ni asilimia 10 ya faida, na faida ni bei ya kuuzia ukitoa gharama mnazoweza kuzithibitisha. Asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya bei ya kuuzia au ya thamani iliyothibitishwa, yoyote iliyo kubwa. Zaidi ya hapo, makazi yako mwenyewe uliyoishi miaka 3 au zaidi hayatozwi kama faida haizidi milioni 15. Nyumba iliyowagharimu milioni 48, mkaishi miaka 6, mkaiuza milioni 60, faida yake ni milioni 12, kodi sifuri. Bila risiti ni milioni 1.8. Ndiyo bei ya boksi.

Risiti za mashine za EFD hufutika, hasa zikikaa juani au kwenye mfuko wa plastiki, kwa hiyo zipigeni picha au mtoe nakala leo. Malipo ya mafundi yawekeni kwenye hati ndogo yenye jina, kazi, kiasi na sahihi. Stakabadhi za kodi ya ardhi ziwekeni humohumo. Mwaka wake unaanza Julai 1, na mkisubiri mpaka siku ya kuuza au kukopa, malimbikizo na adhabu ndiyo yatawashikilia.

Nina mkopo wa nyumba wa benki, milioni 40 kwa miaka 15, riba asilimia 17 kwa mwaka. Narejesha kama 615,600 kwa mwezi. Baada ya mwaka niliuliza salio, karibu nilie. Sasa nataka uzio wa milioni 3. Kuna taasisi ya mikopo inanipa kwa asilimia 3.5 kwa mwezi, wanasema ni nafuu. Nichukue? Na nikipata 100,000 ya ziada kila mwezi niiweke wapi?
*Mhudumu wa afya, Mkolani*

Salio lako halina wizi. Riba ya mwezi wa kwanza ni milioni 40 mara 17 kwa 100, gawa kwa 12: shilingi 566,667. Katika rejesho lako la 615,600, ni 48,900 tu iliyopunguza deni. Kila mwezi sehemu hiyo inaongezeka kidogo, lakini miaka ya mwanzo unalipa riba karibu tupu. Ukienda hivi mpaka mwisho utakuwa umelipa karibu milioni 110.8.

Ndiyo maana swali lako la mwisho ndilo zito. Ukiongeza 100,000 kila mwezi tangu mwanzo, deni linaisha kwenye mwezi wa 112 badala ya 180, na jumla unayolipa inashuka hadi kama milioni 79.9. Milioni 31 kwa 100,000 kwa mwezi. Wewe umeshapita mwaka mmoja, utapata pungufu kidogo ya hapo, bado ni nyingi. Lakini usitume tu pesa kwenye akaunti. Soma kwanza mkataba kama kuna tozo ya kulipa kabla ya muda. Kisha andika barua ukisema pesa ya ziada iende kwenye deni la msingi na muda ufupishwe. Usiposema hivyo, benki inaweza kuihesabu kama rejesho la mwezi ujao lililowahi, na haitakusaidia chochote. Omba ratiba mpya ya marejesho iliyochapwa, uhakikishe tarehe ya mwisho imesogea.

Weka kwanza akiba ya marejesho ya miezi 3, ndipo uanze kuongeza. Pesa iliyoingia kwenye deni haitoki tena mtoto akiugua.

Uzio sasa. Hiyo asilimia 3.5 ndiyo kikomo cha riba kwa taasisi ndogo za mikopo, kwa hiyo uliza neno moja tu: inahesabiwa juu ya mkopo wote, au juu ya salio linalopungua? Kwa milioni 3 na miezi 12, ikiwa juu ya mkopo wote unalipa 355,000 kwa mwezi, riba jumla 1,260,000. Ikiwa juu ya salio, unalipa kama 310,500, riba kama 725,000. Ile ya kwanza, ukiigeuza kuwa riba ya salio, inakaribia asilimia 6 kwa mwezi. Mwezi wa 11 unadaiwa kidogo tu lakini bado unalipa riba ya milioni 3 nzima. Juu yake kuna ada ya fomu, bima na ada ya kuchakata, ambazo mara nyingi hukatwa kabla hujashika pesa. Ukipokea 2,850,000 riba bado ni ya milioni 3.

Kwa maoni yetu uzio hauna haraka ya namna hiyo. Jenga kwa vipande bila kukopa: msingi wa mawe na nguzo upande wa barabara kwanza, pande tatu nyingine panda michongoma au fensi ya waya. Mwanza mawe si tatizo. Gharama ni kubeba na kuchonga, na hilo linaweza kwenda tripu moja moja. Acheni matundu ya maji chini ya ukuta kila mita 2 au 3 upande wa mteremko. Ukuta uliozibwa unageuka bwawa na unaangukia kwa jirani, na huo ni mkopo mwingine.

Jambo moja dogo: benki iliyokukopesha inakudai bima ya moto. Angalia kiasi kilichokatiwa bima. Kama kujenga upya nyumba hiyo ni milioni 60 na bima ni ya milioni 30, ukipata hasara ya milioni 10 kampuni inaweza kukulipa milioni 5 tu, kwa sababu ulikata nusu. Thamani ya kiwanja usiiweke, kiwanja hakiungui.

Bili ya maji imeruka kutoka uniti 11 hadi 34. Tupo 6, hakuna kilichobadilika. Nyumba iko mlimani Isamilo, maji yanakuja usiku kwa mgao. Nimelalamika, nimeambiwa mita iko sawa.
*Mstaafu, Isamilo*

Mzee, uniti 11 kwa watu 6 ni kama lita 60 kwa kila mmoja kwa siku. Hiyo ni kawaida. Uniti 23 zilizozidi ni lita 23,000, na kwa neno lako la mgao wa usiku tunaanza na tanki. Bomba la nusu inchi lenye presha nzuri humwaga kama lita 10 kwa dakika, yaani lita 600 kwa saa. Boya likikwama, tanki likajaa saa saba usiku na maji yakaendelea mpaka kumi na moja, saa 4 hizo ni lita 2,400. Usiku kumi wa mgao unatosha kukumaliza, na kwenye mteremko wa mawe maji yanakimbia bila kuacha hata tope asubuhi.

Fanya hivi. Funga koki zote za ndani, funga na koki ya kuingiza tanki. Soma mita, namba nyekundu pamoja na nyeusi, maji yakiwa yanakuja. Subiri dakika 30. Ikisogea, uvujaji upo kati ya mita na tanki, chini ya ardhi, na hiyo sehemu ni yako kutengeneza. Isiposogea, fungua koki ya tanki. Likijaa mita inapaswa kusimama; isiposimama, ni boya. Vyoo vipime kwa kudondosha rangi ya chakula au chai nzito kwenye tangi la kuflashi: rangi ikishuka bakulini ndani ya dakika 15 bila mtu kuflashi, mpira wa ndani umekufa.

Ukimaliza hayo yote na kila kitu kikawa kizima, andika usomaji wa mita kila jioni na kila asubuhi kwa siku 14. Mgao ukirudi, bomba lililokuwa tupu husukuma upepo kwanza na mita za kizamani huzunguka kwa upepo. Ukiona namba imesogea usiku ambao tanki halikupanda hata sentimita, peleka daftari hilo ukaombe mita ipimwe mbele yako. Na kama ni boya, nunua lenye mkono na koki ya shaba. Ya plastiki hupinda kwa presha ya usiku, utarudi dukani kabla ya masika.